Eufrazia wa Rubafu arudi Mbio Tatu kuitetea baiskeli ya kaka yake

Ukungu wa ziwa bado umelala kwenye migomba ya Rubafu, na barabara ya kwenda Bukoba mjini ina mtu mmoja tu. Anapiga mluzi. Nyuma yake, kwenye keria ya baiskeli, kuna mikungu mitatu ya ndizi, mmoja umelala katikati, miwili inaning'inia kushoto na kulia.

Huyo ni Eufrazia Kokushubila, miaka ishirini na sita, mchuuzi wa ndizi. Amevaa suruali ya marehemu kaka yake ndani ya gauni, na miguuni ana katambuga za tairi la gari.

Anafika juu ya mteremko mkali. Hapunguzi. Anarudisha mguu wa kulia nyuma, anabana kisigino kwenye tairi la nyuma, krrrrr, harufu ya mpira inatoka, na huyo anateremka na ndizi zake taratibu kama bibi harusi. Akifika chini anaurudisha mguu kwenye pedeli na kuendelea na mluzi pale pale alipouachia.

Sasa mngoje mchana. Ndizi zimeuzwa, baiskeli nyepesi, mwenyewe anarudi nyumbani. Anafika juu ya kimteremko kingine, kidogo tu, hata mtoto angeshuka. Anasimama. Anashuka. Anaikokota kwa mkono mpaka chini, na jasho linamtoka!

"Eufrazia, leo baiskeli inaumwa?" anauliza mama mmoja anayepalilia kando ya njia.

"Imechoka, mama. Nimeipumzisha."

Yule mama anacheka mpaka anaegemea jembe. Rubafu nzima inalijua jambo hili na hakuna anayelielewa. Mtu gani anateremka na mzigo, halafu akiwa hana mzigo anatembea?

"Watu wanasema naogopa mteremko," anasema Eufrazia. "Mteremko siuogopi hata kidogo. Naogopa baiskeli tupu."

Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Mbio Tatu za mwaka huu wa 1991. Na Mbio Tatu, jamani, watu huziendesha kwa baiskeli tupu.

Kama bado hujazisikia, Mbio Tatu ni mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote asubuhi moja, mtu yule yule, bila kupumzika. Vijana wa kanisa hapa Bukoba waliyaanzisha baada ya mgeni mmoja wa Denmark kuwasimulia kwamba kwao watu hufanya hivyo kwa kupenda kwao, hakuna anayewafukuza.

Unaogelea kutoka kwenye mtumbwi uliotiwa nanga mpaka ufukweni. Unapanda baiskeli pale Bilele, unakwea mlima ulio nyuma ya mji mpaka kwenye kanisa la juu, unageuka, unateremka mpaka Bilele tena. Halafu unakimbia kwa miguu kuzunguka mji mpaka uwanja wa mpira wa Kaitaba.

Eufrazia si mgeni wa mambo hayo. Mwaka 1987, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza, alikuwa wa pili. Mwaka 1988 alikuwa wa kwanza, na akina mama wa sokoni walimbeba juu juu. Kisha Aprili 1989 akavunjika kifundo cha mguu, na mbio zikaishia hapo.

Kuogelea kwenyewe alifundishwa na vita. Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera na mizinga kusikika mpaka mjini, familia yake ilitoroka Rubafu kwa mtumbwi ikaenda kujificha kwenye kisiwa kimoja cha Muleba, kwa wavuvi waliotoka Usukuma. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtumbwi ulijaa watu mpaka maji yakawa yanachungulia ndani.

"Baba alituambia mtumbwi ukizama tushike godoro," anakumbuka. "Godoro lenyewe la majani! Lingetuzamisha kabla ya Amin."

Kule kisiwani kulikuwa na mvuvi mmoja, Masalu Shilogile, ambaye hakupenda kabisa kuona watoto wakiogopa maji. Aliwafunga kamba kiunoni mmoja mmoja, akawatupa ziwani, akawa anavuta kamba pale tu mtu anapoacha kupiga kelele.

"Anayepiga kelele anapumua," anasema Masalu, ambaye sasa nywele zake zimeanza kuota mvi. "Huyu Mhaya wangu alipiga kelele wiki nzima. Baadaye nikamtafuta nimvute, nikaona yuko mbali anaelea kama bata."

Vita ikaisha, wakarudi Rubafu. Lakini amani haikukaa. Ugonjwa ukaingia, huu ambao mwanzoni watu waliuita Juliana na sasa kila mtu anaujua kwa jina la ukimwi. Ulichukua dada yake mkubwa, ukachukua kaka wa pili, halafu mwaka 1986 ukamchukua Nathanieli, kaka yake aliyekuwa akichuuza ndizi kwa baiskeli.

Wazazi nao walikwisha kufariki. Wakabaki watoto wanne wadogo wa marehemu hao, na Eufrazia.

Matanga ya Nathanieli yalipomalizika, wazee wa ukoo walikaa kugawa mali kama desturi inavyotaka. Shamba likaenda kwa mrithi wa kiume, Ildefons, mtoto wa baba yao mdogo, ambaye yuko Mwanza. Baiskeli nayo ikaandamana na shamba. Ila kwa kuwa Ildefons hakuwepo, na watoto wanne walikuwepo na matumbo yao, wazee wakasema Eufrazia aitumie kwanza.

Mwanamke kwenye baiskeli! Na amekaa kama mwanamume! Siku ya kwanza alipopita, wanaume kwenye kilabu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, waliweka vibuyu chini.

"Mmoja akaniuliza, 'Wewe Kokushubila, na ndevu zinaota lini?'" anasimulia. "Nikamwambia, zako zimeota na mkeo bado anabeba ndizi kichwani. Wenzake wakamcheka, mimi nikapita."

Kwa miaka mitatu alipita kila siku ya soko. Watoto walikula, wawili wakaanza shule. Halafu ikaja ile siku ya Aprili.

Alikuwa ameuza vizuri, anarudi, baiskeli tupu, na furaha imemjaa. Kwenye mteremko akaiachia iende. Ilipokolea mwendo akarudisha mguu nyuma kubana tairi, kama anavyofanya siku zote akiwa na mzigo. Ila baiskeli yenye mikungu mitatu nyuma hutulia chini. Tupu inaruka. Likaja jiwe, tairi likaruka, kisigino kikateleza, mguu ukaingia kwenye spoku.

"Nilisikia mlio kama mtu anavunja ukuni," anasema, na mkono wake unashuka wenyewe kushika kifundo. "Sikulia. Nilikuwa naangalia mguu wangu, naona umegeukia upande ambao siuelewi."

Alifungwa plasta kwa miezi mingi. Mfupa uliunga vibaya, ukavunjwa tena, ukafungwa tena. Akakonda. Na Kagera ya sasa, ukikonda, watu hawangoji kuambiwa.

"Kuna mtu alikuja kunipa pole ya mguu, akaanza kuniuliza watoto nitamwachia nani," anasema, sasa anacheka. "Nikamwonyesha plasta. Nikamwambia ugonjwa wangu huu hapa, ugonge usikie."

Aliyekuwa hacheki ni Rugaibula, yule baba yao mdogo, baba wa Ildefons na mdogo wake marehemu baba yao. Siku ile ile ya ajali alikwenda kuichukua baiskeli barabarani, akaibeba begani mpaka kwake, akaitundika kwenye boriti la nyumba. Ikakaa huko miaka miwili na zaidi, na Eufrazia akarudi kubeba ndizi kichwani, mkungu mmoja mmoja, huku anachechemea.

Ukimwona Rugaibula utadhani ni mkali. Ana fimbo, ana koti, ana sauti ya kuamrisha ng'ombe. Lakini msikilize.

"Nimezika watoto watatu wa kaka yangu," anasema. "Makaburi yao nimechimba mimi na vijana wangu. Huyu ndiye amebaki. Nimzike na yeye kwa sababu ya chuma?"

Mwezi Mei mwaka huu Eufrazia alikwenda kwake. Mazungumzo yao wanayakumbuka wote wawili, na kila mmoja anamwiga mwenzake.

"Tata," akaanza Eufrazia, kama Wahaya wanavyomwita baba, "nimepona. Naomba baiskeli."

"Kila siku unasema umepona. Mimi nitajuaje? Nikukimbilie nyuma kwenye kila mteremko?"

"Njoo Mbio Tatu. Ule mlima wa mjini unaujua. Simama chini uniangalie."

Mzee akavuta kiko. Kisha akatoa sharti lake. Ashuke mlima ule akiwa amekaa juu ya baiskeli, kutoka juu mpaka Bilele. Akifanya hivyo, baiskeli ni yake moja kwa moja, na yeye Rugaibula atawaambia wazee wa ukoo kwa kinywa chake. Akianguka, au akiikokota, inarudi kwenye boriti, na Desemba Ildefons akija anaondoka nayo Mwanza.

"Nikasema ndiyo," anasema Eufrazia. "Ningesema nini? Nikashushiwa baiskeli ili nifanye kazi na mazoezi mpaka siku yenyewe. Nikaipakia ndizi, nikashuka mteremko wa kwanza, vizuri kabisa. Nikauza. Nikageuka kurudi, nikafika juu, nikaangalia chini. Mguu ukakataa."

Alijaribu mara nyingi. Kila akianza kuteremka na baiskeli tupu, mguu wa kulia unaondoka wenyewe kwenye pedeli kutafuta tairi, kwa mazoea ya miaka. Anasimama, anashuka. Breki ya mkono ya nyuma ilikufa zamani. Ya mbele inashika kidogo, kwa kubembelezwa.

Basi akapata wazo, na wazo lenyewe akalipeleka kwa Mwalimu Elieza, msimamizi wa mashindano, mtu mpole mwenye miwani, anayefundisha shule ya msingi.

"Mwalimu, sheria zinasema baiskeli iwe tupu?"

"Iwe tupu vipi?"

"Yaani isiwe na kitu kwenye keria."

Mwalimu Elieza akafikiri. "Sheria zinasema iwe na magurudumu mawili na mtu mmoja. Unataka kubeba mtu?"

"Nataka kubeba mkungu wa ndizi."

"Mkungu wa nini? Kupanda nao ule mlima? Dada Eufrazia, utakuwa wa mwisho!"

"Kuwa wa mwisho sikukatazwa. Nimekatazwa kuanguka."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, lakini hakuona sababu ya kumzuia. Rugaibula alipoulizwa alisema yeye alitaja kushuka, ndizi hakuzitaja. Alete hata mbuzi.

Jumamosi iliyopita, wanawake sita waliingia majini. Mzee Masalu alikuwa amekuja na samaki wake toka kisiwani, akaacha biashara, akasimama ufukweni na maji yamemfika magotini, anapiga kelele kuliko wote.

"Mhaya wangu! Piga miguu! Usinitie aibu mbele ya wanunuzi!"

Eufrazia alitoka majini wa kwanza, mbali kabisa. Akakimbia akichechemea mpaka Bilele, akavuta suruali ya kaka yake juu ya nguo mbichi, akapanda baiskeli. Nyuma kwenye keria mkungu mmoja mkubwa, umefungwa kwa mipira ya tairi la ndani. Watu walicheka vibaya!

"Dada, soko liko upande huu!"

"Mpishie mwamuzi!"

Mlimani hali ilikuwa mbaya. Wanawake wanne walimpita kabla hajafika katikati. Mguu ulianza kuuma, yeye akawa anasimama juu ya pedeli, anasukuma kwa uzito wa mwili, hadi juu. Hakujali. Alichotaka ni ule mzigo uwepo nyuma yake wakati wa kuteremka.

Akalizunguka kanisa la juu, akaanza kurudi. Na hapo, kabla tu ya mteremko, akaukuta msiba.

Nyumba iko ukingoni mwa barabara. Alipokuwa anapanda mlima, uani palikuwa kimya. Sasa maiti ilikuwa imeletwa kutoka hospitali, watu wamejaa mpaka barabarani, akina mama wanalia. Waendesha baiskeli waliotangulia walishuka, wakavua kofia, wakapita wakizikokota, wakapanda tena. Ndivyo heshima inavyotaka, na siku hizi barabara zetu zimetuzoeza.

Eufrazia naye akashuka. Ila yeye alikuwa na ndizi.

"Wewe unayeandika hapo ungepitaje?" anauliza. "Watu wamefiwa, mapishi yanahitajika, na mimi nakatiza katikati yao na mkungu mzima kwenye keria, nakwenda kuuonyesha mjini? Kwetu huwezi. Hata mtu asingeniambia neno, huwezi."

Akaegemeza baiskeli kwenye mti wa kahawa, akafungua mipira, akaubeba mkungu mpaka jikoni uani, akauweka penye ndizi za wengine. Akaingia ndani, akakaa chini kidogo kwenye majani yaliyotandazwa, akampa mkono mama wa marehemu, mama mzee anayeitwa Kokubanza, asiyemfahamu hata kidogo.

"Mwanangu, nguo zako mbona mbichi?" mama akamuuliza kati ya machozi.

"Nimetoka ziwani, mama. Tuko kwenye mbio."

"Mbio? Na umekaa hapa? Nenda, nenda, tumekuona!"

Alipotoka, baiskeli ilikuwa tupu, na mteremko ulikuwa mbele yake.

Nyuma yake alikuwa anafika Paskazia, mshonaji wa pale Bilele, mshindani wa mwisho. Yeye ndiye shahidi wa kilichofuata, na tangu siku ile hajanyamaza.

"Namkuta amekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, ameinama," anasimulia Paskazia, mikono inakwenda kila upande. "Nadhani anatapika. Kumbe ana ile mipira ya kufungia ndizi, anaizungusha kwenye mguu wake wa kulia na pedeli. Anafunga! Nikamwambia, wewe, una wazimu? Akaniambia, 'Huu mguu ni mjinga, hausikii. Naufunga usiende kutafuta tairi.' Nikamwambia utakufa. Akasema, 'Nikikokota pia nimekufa. Sukuma kidogo, Paskazia.' Na mimi mjinga nikamsukuma!"

Eufrazia mwenyewe anasema hakumbuki mlima wote. Anakumbuka mguu ukivuta. Kwenye kona ya kwanza ulivuta kwa nguvu, unataka kutoka, unataka kurudi nyuma, na mpira ukaushika. Baiskeli ikaruka juu ya mawe kama siku ile ya ajali. Safari hii kisigino kikabaki mahali pake. Akawa anaibembeleza breki ya mbele, anaiachia, anaibembeleza.

"Kwenye kona ya pili nikagundua nimeacha kuomba," anasema. "Nilikuwa naendesha tu."

Chini Bilele, Rugaibula alikuwa amesimama tangu asubuhi na fimbo yake. Aliona baiskeli inatokea kwenye kona ya mwisho. Alitafuta ndizi nyuma, hakuziona. Watu waliokuwa karibu wanasema mzee alishika fimbo kwa mikono miwili.

Eufrazia akaingia uwanjani Bilele, amekaa juu ya baiskeli, wima. Akasimama mbele ya baba yake mdogo, akatabasamu. Na hapo, ndugu zangu, akakumbuka kwamba mguu umefungwa.

Alianguka upande wa kulia, polepole, kama mgomba uliokatwa. Puu!

Kelele zilizotokea hapo zilifika ziwani. Nusu ya watu wanashangilia, nusu wanamshika mzee Rugaibula koti.

"Ameanguka!" akapaza sauti kijana mmoja. "Sharti lilisema asianguke!"

"Ameanguka wapi? Alikuwa amefika!" akajibu mama muuza maandazi. "Kichwa chako ndicho kimeanguka!"

"Amefika hajafika, ameanguka na baiskeli!"

Masalu akapenya katikati, suruali imekunjwa, anatiririka maji. "Mzee Rugaibula, nisikilize mimi mtu wa mitumbwi. Mtumbwi ukifika pwani, watu wakashuka, ukalala upande, utasema umezama?"

"Wewe Msukuma nyamaza, huu ni ukoo wa Wahaya," akasema Rugaibula.

"Nimewafundisha kuogelea mkiwa mnalia, leo ninyamaze?"

Watu wakacheka. Rugaibula hakucheka. Alikuwa ameinama, anafungua mipira kwenye mguu wa Eufrazia kwa vidole vyake vya kizee. Akakiona kifundo chenye kovu. Akaona jinsi mguu ulivyofungwa.

"Tata, nimeanguka au sijaanguka?" Eufrazia akamuuliza akiwa bado chini.

"Bado hujamaliza mbio," mzee akasema. "Kimbia. Maneno baadaye."

Akakimbia. Alizunguka mji mzima bila kujua kama baiskeli ni yake. Mguu ulikuwa umevimba. Kwenye mzunguko wa soko alimpita mwanamke mmoja aliyeshikwa na misuli, na karibu na Kaitaba akampita mwingine, akaingia uwanjani wa tatu. Alipewa miche mitatu ya sabuni na makofi mengi, lakini hakungoja picha. Aligeuka pale pale, akarudi Bilele akichechemea.

Baiskeli haikuwepo. Rugaibula naye hakuwepo.

"Mama wa maandazi akaniambia mzee ameondoka nayo, anaikokota, hakusema neno kwa mtu," anasema Eufrazia. "Nikakaa chini pale pale. Nikasema basi, imerudi kwenye boriti. Nilikaa nikiwafikiria wale watoto. Halafu nikasema hapana, nitamfuata, anijibu machoni. Kama ni kuninyang'anya, aninyang'anye naangalia."

Akawauliza watu njia nzima. Wakamwonyesha upande wa soko. Akawakuta kwenye kibaraza cha Uledi, fundi baiskeli. Baiskeli imepinduliwa magurudumu juu. Rugaibula amekaa kwenye kopo la rangi, kofia amevua, ameshika mpira mmoja mpya wa breki, anamsubiri fundi amalize kufunga wa pili.

Uledi hakumwona Eufrazia. Alikuwa anaijaribu siti kwa mkono.

"Mzee, hii siti niishushe kidogo au niiache hivi hivi?"

Rugaibula alikuwa amekwisha kumwona. Hakusimama, hakubadilisha hata sauti.

"Mimi sijui," akasema. "Muulize mwenye baiskeli, si huyo anakuja."

Eufrazia anasema alisahau kujibu kuhusu siti. Uledi mpaka leo anadai aliambiwa aiache, kwa hiyo ameiacha.

Baadaye Rugaibula aliulizwa mbona amekubali, na watu wamemwona mtoto chini na baiskeli juu yake. Akatikisa kichwa. "Niliogopa kwamba hajui kinachoweza kumuua. Mtu anayeufunga mguu wake mwenyewe anakijua. Sasa kazi yangu ni kumwekea breki. Ildefons nitamwambia mimi, na akitaka baiskeli, Mwanza ziko madukani."

Juzi, nyumbani kwake Rubafu, Eufrazia alikuwa ameuweka mguu kwenye beseni la maji ya moto, na watoto wanne wanagombania zile sabuni. Ameambiwa apumzike siku nne. Yeye amekubali mbili.

Mbio za mwakani anazitaka, na amekwisha kumwambia Paskazia ajiandae kuona mgongo wake tu. Lakini kwanza kuna jambo lingine. Ndizi za Rubafu zimeanza kushambuliwa na wadudu, mikungu inazidi kuwa midogo, wakati kule Kishanda, Muleba, zinaoza shambani kwa kukosa wabebaji. Ni mbali, na milima ya njiani ina miteremko ambayo hata wanaume huishuka kwa miguu.

"Kwenda nitakwenda tupu, kurudi nitarudi na mzigo," anasema, anatoa mguu kwenye maji, anauangalia. "Jumatatu naondoka. Nimemwambia tata kwamba nikifika juu ya kila mteremko, nitashika breki zake mbili, na mguu huu nitauacha bila kuufunga. Ujifunze."